Ukurasa wa Pili wa Leseni

Kila siku kengele ya mwisho ikilia, mimi siendi nyumbani moja kwa moja. Napanda ngazi zilizo nyuma ya duka la fundi cherehani, ngazi ishirini na mbili, mpaka kwenye ofisi ya shangazi yangu. Navua viatu mlangoni, kwa sababu sakafu imejaa nyaya na shangazi hapendi zikanyagwe. Kisha nakaa karibu na dirisha, mbele ya kompyuta mpakato kuukuu ambayo herufi M imefutika kwenye kibodi yake, na kuanza kazi za shule. Nikizimaliza, naruhusiwa kufanya yangu.

Shangazi ni mtengenezaji wa programu. Yeye na wenzake wawili huyatengenezea maduka ya dawa programu za kujua dawa gani imekwisha na ipi inakaribia kuharibika. Wanaiandika programu mara moja tu, nayo inafanya kazi kwenye simu ya muuzaji na kwenye kompyuta ya mwenye duka, hata kama vifaa hivyo vimetoka viwanda tofauti kabisa. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mazingaombwe. Shangazi akanieleza kuwa ni zana: kifurushi kikubwa cha vitufe, orodha na madirisha vilivyokwisha kuandikwa na watu wengine, vinavyojua kuelewana na kila aina ya kifaa. Wewe unachukua zana hizo na kujengea programu yako juu yake.

"Na hao watu wengine wanapata nini?" nilimuuliza.

"Wamesema kwenye leseni," alinijibu. "Leseni ni maneno ya mwenye kitu, anakuambia ukitumie vipi. Hawa wanatupa njia mbili. Ukitaka kuficha ulichoandika, unawalipa. Hutaki kulipa, basi kazi yako unaiacha wazi kila mtu aisome, na popote programu yako inapokwenda, folda hii inakwenda nayo." Akanionyesha folda iliyoandikwa LESENI. "Humu mna karatasi za leseni, majina yao, na maandishi yote ya zana zenyewe. Usiiguse hii, mama. Umenisikia?"

"Nimesikia," nikasema upesi, kwa sauti ya mtoto anayetaka mtu mzima amalize aondoke.

Muhula mzima nilikaa kwenye dirisha lile nikiandika programu ya maktaba ya shule yetu. Mama Mkutubi alikuwa akiandika vitabu vyote vinavyoazimwa kwenye daftari moja kubwa kama trei, na mtu akiulizia kitabu, anapekua kurasa huku amekunja uso mpaka kipindi kinakwisha. Kwenye programu yangu unaandika jina la kitabu, inakuambia kiko kwa nani. Siku za kukirudisha zikipita, mstari unageuka mwekundu. Niliijaribu kwenye simu ya shangazi, ikafanya kazi. Nikaijaribu kwenye kompyuta, ikafanya kazi. Sikumwambia mtu shuleni, kwa sababu nilitaka kumshangaza Mama Mkutubi mwisho wa muhula. Chini ya ukurasa wa kwanza niliandika: "Imetungwa na Pilipili, darasa la saba." Pilipili ndilo jina alilonipa shangazi kwa ajili ya hasira zangu, na darasani limeniganda.

Mtu mmoja tu nilimwonyesha, naye ni jirani yangu wa dawati, Profesa. Tunamwita hivyo kwa sababu hujibu hata maswali ambayo hakuulizwa. Alikuwa mwenyekiti wa klabu yetu ya kompyuta, na mimi nilikuwa mwanachama wa kawaida.

"Nipe nikaipake rangi," aliniambia. "Weupe wako huu unachosha macho. Jumatatu nakurudishia."

Nikakubali. Flashi yangu, ile yenye uzi mwekundu, ilikuwa imejaa katuni. Nilipoanza kunakili programu, kompyuta ikaniandikia kwamba nafasi haitoshi. Katuni nilikuwa sijamaliza kuzitazama, kwa hiyo nikapunguza upande wa pili: kwenye nakala nikaondoa kilichokuwa kizito na ambacho niliona hakina kazi. Programu ikaingia. Kesho yake nikamkabidhi Profesa flashi yangu mkononi, huku nikitabasamu. Nikikumbuka lile tabasamu mpaka leo naona haya.

Jumatatu hakuirudisha. Jumatatu iliyofuata pia. Alhamisi moja nikakuta wanafunzi wamejazana kwenye ubao wa matangazo. Nikajipenyeza. Tangazo lilisema kwamba shule yetu imechagua programu ya kwenda nayo kwenye maonyesho ya shule zote za mji, na kwamba mtunzi wa programu itakayoshinda atapata nafasi ya mafunzo ya likizo nzima kwenye karakana kubwa ya programu. Nafasi moja tu. Kisha, kwa herufi nene: "Programu ya Maktaba. Imetungwa na Mwenyekiti wa Klabu ya Kompyuta."

Nilikimbia mpaka maktaba. Programu yangu ilikuwa imekwisha kuwekwa kwenye kompyuta ya Mama Mkutubi, imepakwa rangi ya bluu. Nikashuka chini ya ukurasa wa kwanza. Jina langu halikuwepo, na mahali pake palikuwa na jina lake.

"Umeiona?" Mama Mkutubi aliniambia kwa furaha. "Mwenzenu huyu ana akili! Daftari langu nimelifungia kabatini."

Damu ilinichemka. Nilimkuta Profesa kwenye bomba la maji.

"Jina langu liko wapi?"

"Usipige kelele," alisema huku akitazama kushoto na kulia. "Nimeipaka rangi mimi. Nimeongeza kitufe cha kutafuta mimi. Na klabu ni yangu."

"Nimekuuliza jina langu liko wapi!"

"Lilikuwa dogo. Kwenye simu halikuonekana vizuri."

Akafunga bomba akaenda zake darasani. Mimi nikabaki pale na ngumi zangu mbili.

Ningeweza kumwambia mwalimu wetu wa kompyuta. Ningeweza kumwambia shangazi, ambaye aliniona nikiiandika tangu mstari wa kwanza. Lakini niliwajua watu wazima. Wangetuita ofisini, wangesema, "Peaneni mikono, yaishe," na yangeisha. Mimi sikutaka yaishe. Nilitaka Profesa aaibike mbele za watu, aone cha moto, na watu wacheke mpaka washike mbavu. Nikala kiapo pale pale kwamba dawa yake naichemsha mwenyewe.

Dawa niliipata kwenye fomu ya maonyesho iliyobandikwa chini ya tangazo. Kanuni ya tisa ilisema hivi: programu isiyokuwa na leseni za zana zilizotumika itaondolewa. Nikaisoma mara tatu. Siku ile ile, Mama Mkutubi alipotoka kwenda kunywa chai, nikafungua mafaili ya programu kwenye kompyuta yake. Nikatafuta folda ya LESENI. Haikuwepo! Nilikaribia kucheza kwenye kiti. Mwizi wangu alikuwa mvivu pia, nilisema moyoni. Ameiba nguo akasahau vifungo.

Tangu hapo nilikuwa mwanafunzi mwema kupita kiasi. Profesa akiomba kifutio, nampa. Akisimulia atakavyokwenda kwenye karakana kubwa, na kwamba huko kila mtu ana kompyuta yake na kiti cha kuzunguka, namwitikia, "Hongera." Nilijifanya hamnazo kabisa. Yeye akadhani nimekubali kushindwa, akaanza hata kunifundisha jinsi orodha yangu mwenyewe inavyofanya kazi. Nilimsikiliza mpaka mwisho na kumshukuru.

Ofisini nikamwomba shangazi anichapie leseni ya zana zetu. Alifurahi sana.

"Watu wazima wenyewe hawaisomi," alisema akinipa karatasi mbili zilizobanwa kwa pini. "Wanabonyeza 'nakubali' wanapita. Kumbe nina mwanasheria nyumbani."

Nikaisoma nikifuata kwa rula. Katikati ya ukurasa wa kwanza nikakipata nilichokitaka: anayempa mtu mwingine programu lazima ampe na leseni pamoja na majina ya waliotengeneza zana, asipofanya hivyo, haki yake ya kuzitumia inakoma. Inakoma! Nililipigia mstari neno hilo kwa kalamu nyekundu, tena na tena, mpaka karatasi ikataka kutoboka.

"Mbona unaisoma kama hati ya mashtaka?" shangazi aliniuliza akiwa mezani kwake. "Umefika ukurasa wa pili?"

"Nimefika," nikadanganya. Ukurasa wa pili ulikuwa na maneno mengi, na mimi nilikuwa nimekwisha kupata langu.

Wiki mbili nilifanya mazoezi ya swali langu mbele ya kioo cha bafuni. Nililisema kwa upole, nikalisema kwa ukali, mwisho nikachagua upole, kwa sababu nilitaka Profesa achelewe kuelewa. Nikamwalika na shangazi. "Njoo uone kitu kizuri," nilimwambia, naye akaomba ruhusa kazini.

Maonyesho yalifanyika Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa mikutano wa mji. Meza zilipangwa ukutani, kila shule na meza yake, na mbele kulikuwa na jukwaa dogo na skrini. Majaji walikuwa watatu. Aliyeongoza alikuwa mhandisi mmoja mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Kila mtunzi alionyesha programu yake, kisha wanafunzi wa shule zote waliruhusiwa kumuuliza maswali.

Profesa alivaa tai ya baba yake, ndefu mpaka chini ya mkanda. Alionyesha programu kwenye kompyuta, kisha akainua simu, na skrini zote mbili zikaonyesha orodha ile ile. Watu wakapiga makofi. Mama Mkutubi alikuwa mstari wa mbele, akipiga makofi kuliko wote. Yale makofi yalikuwa yangu, nami niliyasikia yakienda kwa mtu mwingine.

"Kuna swali?" mhandisi akauliza.

Nikasimama. Sauti ilitoka laini vile vile nilivyoipanga.

"Ningependa kujua," nilisema, "zana zilizotumika kutengeneza programu hii zina leseni gani, na folda ya leseni hiyo iko wapi?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue Profesa, aliulizwa swali akakosa jibu. Mhandisi akavaa miwani, akasogea kwenye kompyuta, akafungua faili moja baada ya jingine. Kijasho chembamba kilimtoka Profesa, akakifuta kwa ncha ya tai. Niseme kweli: roho ilinisuuzika. Nilitamani dakika ile isiishe.

"Hakuna folda," alisema mhandisi. "Kijana, zana hizi nazijua. Huwa zinakuja na folda ya leseni. Yako iko wapi?"

"Niliipata hivi hivi," Profesa akasema kwa sauti ndogo. "Mimi sikufuta kitu. Ninayo hata flashi yenyewe."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa flashi yenye uzi mwekundu.

Mhandisi akaichomeka, na kilichokuwamo kikaonekana kwenye skrini kubwa. Programu ya kwanza, nyeupe, ile niliyoitunga mimi, ilikuwamo. Katuni kumi na moja zilikuwamo pia, na watu wakacheka. Folda ya LESENI haikuwamo.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nafasi haitoshi. Kile kitu kizito nilichokiondoa, ambacho niliona hakina kazi. Nikakaa.

"Flashi hii ni ya nani?" mhandisi aliuliza.

Profesa akanitazama moja kwa moja. Nikajua anachopima kichwani mwake. Akisema ni yangu, wataniita, na wataniuliza programu imefikaje kwake. Asiposema, kosa la folda analibeba peke yake.

"Ya klabu," akasema.

Majaji wakanong'onezana, kisha mhandisi akatangaza kwamba kwa mujibu wa kanuni ya tisa programu ya shule yetu imeondolewa kwenye maonyesho, na kwamba isitumike hata maktabani mpaka kasoro yake irekebishwe. Baada ya hapo tukapewa mapumziko.

Nilikuwa nimeshinda. Kila nilichokipanga mbele ya kioo kilikuwa kimetimia, tena bila mtu kunishuku. Nikatoka kwenye ukumbi nikisubiri ile furaha irudi. Kwenye korido nilimkuta Profesa amekaa chini, tai ameivua na kuikunja kwenye kiganja, na Mama Mkutubi amesimama mbele yake.

"Kwa hiyo Jumatatu nirudie daftari?" alikuwa akimuuliza. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anataka kujua tu.

"Ndiyo, mama," alijibu Profesa bila kuinua uso.

Nikageuka niondoke, nikagongana na shangazi.

"Pilipili, hebu njoo huku." Akanivuta mpaka kwenye dirisha la korido. "Ile programu nyeupe naijua. Umeiandika mbele ya macho yangu. Sasa niambie: kile kitu kizuri ulichoniitia nije kukiona ndicho hiki?"

Nikamwambia yote. Nilianza na jina langu lililofutwa, nikasema kwa hasira, mate yakaniruka. Nilipofika kwenye flashi na katuni, sauti ikapungua yenyewe.

"Kumbe folda uliifuta wewe," alisema polepole.

"Lakini yeye kaniibia!"

"Kakuibia, ndiyo. Wala sikuambii hakukukosea. Ile leseni unayo?"

Nilikuwa nayo mfukoni, nimeikunja mara nne. Akaifungua, akautazama mstari mwekundu chini ya neno "inakoma", akaguna. Akafunua ukurasa wa pili, akanipa.

"Nisomee hapa. Kwa sauti."

Nikasoma: "Lakini aliyekosa kwa mara ya kwanza, akirekebisha kosa lake ndani ya siku thelathini tangu alipoambiwa, haki zake zote zinarudi kama zilivyokuwa."

Mtu aliyeandika maneno yale hakunijua, na alikuwa ameacha mlango wazi ukurasa mmoja tu mbele ya pale nilipoishia.

"Waliotengeneza zana hizi walikuwa na uwezo wa kuandika kwamba anayekosa asisamehewe daima," alisema shangazi. "Zana ni zao. Hawakuandika hivyo. Walitaka folda irudi, basi. Sasa folda iko wapi?"

"Kwenye kompyuta ya dirishani. Huko tu."

"Nani anayejua kwamba iko huko?"

"Mimi na wewe tu."

Hakuniambia niende wala nisiende. Alisimama tu akitazama nje, na mimi nikaanza kupiga hesabu. Nikisema folda ninayo, lazima niseme kwa nini ninayo: kwa sababu programu ni yangu. Nikisema programu ni yangu, flashi nayo ni yangu, na aliyefuta ni mimi. Sikuweza kudai jina langu nikaliacha kosa langu kwa Profesa. Na nikikaa kimya, Profesa anazama, lakini jina langu linazama naye, na Mama Mkutubi anarudi kwenye daftari. Nilichukia kila njia. Nilisimama pale mpaka kengele ya kurudi ukumbini ikalia.

Nikaenda moja kwa moja jukwaani.

"Samahani," nilimwambia mhandisi, naye kwa bahati mbaya alikuwa ameshika kipaza sauti karibu nami, kwa hiyo ukumbi wote ulisikia. "Ile programu ni yangu. Niliiandika mimi muhula mzima, na shangazi yangu ni shahidi. Flashi ni yangu. Na folda ya leseni niliiondoa mimi."

"Kwa nini uliiondoa?"

Nikatazama viatu vyangu. "Nipate nafasi ya katuni."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Watu walishika mbavu, kama nilivyotaka wacheke, ila wananicheka mimi. Masikio yaliniwaka moto. Mhandisi peke yake hakucheka. Alimwita Profesa, akamuuliza kama ninayosema ni kweli, na Profesa akajibu, huku machozi yanamlengalenga, "Ni kweli. Jina lake nililifuta mimi. Mimi nilipaka rangi na kuongeza kitufe tu."

Mhandisi alitugeukia wote wawili.

"Kazi yenu ni nzuri," alisema. "Na aliyesema ukweli bila kubanwa nimemwona. Lakini aliyejaza fomu si mtunzi, na aliyetunga hakujaza fomu. Nafasi ya mafunzo siwezi kumpa yeyote kati yenu. Programu irekebisheni, na ikirekebishwa itumike maktabani. Mwakani jazeni fomu kama inavyotakiwa."

Nafasi akaipata msichana wa shule nyingine aliyetunga programu ya kupanga zamu za usafi. Nilimpigia makofi mpaka mikono ikauma. Nilitaka kulia, na nyumbani nililia kweli.

Jumatatu baada ya masomo tulikutana maktabani: mimi, Profesa, mwalimu wa kompyuta, Mama Mkutubi, na shangazi aliyekuja na ile kompyuta kuukuu kwapani. Mwalimu alikuwa amekwisha kumvua Profesa uenyekiti wa klabu kwa muhula mmoja, na mimi nilikuwa nimekwisha kuzifuta zile katuni, zote kumi na moja. Nikanakili folda ya LESENI, nikairudisha mahali pake. Kisha nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaandika jina langu palepale lilipokuwa. Chini yake nikaandika la Profesa: "Rangi na kitufe cha kutafuta." Niliandika lake kwa herufi ndogo, ndogo hasa, za kusomwa kwa kuinama.

Shangazi akakohoa.

"Kwenye simu halitaonekana vizuri," nikasema.

Profesa alikuwa wa kwanza kucheka, ingawa aibu ilimjaa. Nikazikuza herufi zake zikawa sawa na zangu.

"Sasa fungua hiyo folda," alisema shangazi. "Umeifuta, umeirudisha, lakini hujawahi kuifungua."

Nikaifungua. Ndani, baada ya karatasi za leseni, kulikuwa na faili la majina ya watu waliotengeneza zana. Niliteremka, nikateremka. Yalikuwa majina mia tatu na kumi na mawili. Mengine sikujua hata yanatamkwaje. Wengine walikuwa wameandika kazi waliyoifanya: huyu alitengeneza kitufe, huyu alirekebisha orodha isikwame kwenye simu za zamani.

"Umeona?" shangazi aliniambia, na Profesa akasogea kusikiliza. "Wewe mwenzio alikufutia mstari mmoja ukataka kumkomoa mbele ya mji mzima. Ulikuwa na haki ya kukasirika, na ungeniambia siku ile ile ningekuja mwenyewe hapa shuleni kudai jina lako. Lakini kabla yake na wewe uliwafuta watu mia tatu, na hukuhisi kitu kwa sababu huwajui. Kila mmoja wenu alitumia kazi ya mwingine akajifanya imeota yenyewe. Mnaotaka kutengeneza vitu maishani, shikeni hili: ukichukua kazi ya mtu, mtaje. Ukisahau ukaambiwa, rekebisha. Na mwenzako akikukosea, dai haki yako mchana kweupe, siyo kwa kumchimbia shimo. Leseni iliandikwa ili watu waweze kushirikiana bila kujuana. Haikuandikwa iwe fimbo."

"Ndiyo, shangazi," tukajibu wote wawili, ingawa si shangazi yake Profesa.

Mama Mkutubi alikuwa amevaa miwani yake na kuinama kwenye skrini. "Wote hawa wamenisaidia mimi nipate kitabu haraka?" aliuliza. "Basi nisomeeni majina yao. Angalau siku moja yatajwe humu ndani."

Nikavuta kiti kingine, nikamwonyesha Profesa akae. Nikaanza kusoma, jina moja moja, taratibu, na kila nililoshindwa kulitamka nikalirudia mpaka likakaa mdomoni. Nilipofika jina la arobaini, Profesa alitazama saa ya ukutani, akaniuliza kwa adabu kama tunaweza kuendelea kesho.

"Hapana," nikamwambia. "La arobaini na moja soma wewe."

Akalisoma. Tukapokezana hivyo hivyo mpaka jina la mia tatu na kumi na mbili.